Jua la Voi Lilikataliwa Nyamira

Tangu nirudi mmekuwa mkinishika shati kila ninapopita kibandani. Ilikuwaje mtu wa Voi, ambaye jua linamchoma tangu anafungua duka hadi anafunga, asafiri mpaka Kisii na Nyamira, kwenye mvua na matope, eti kwenda kupiga picha ya jua? Nimewajibu vipande vipande, na matokeo yake mmoja wenu anaeneza kwamba nilifukuzwa na wakwe. Sikufukuzwa. Kaeni chini niwaeleze yote toka mwanzo, mara moja, halafu mniache nipige picha zangu za pasipoti kwa amani.

Chanzo ni mama mkwe wangu. Mama yake Kwamboka anaishi peke yake juu ya Nyamira, kwenye mteremko ambao ng'ombe wa huku kwetu wangeukataa, na ana shamba la majani chai analolichuma mwenyewe. Asubuhi moja ya ukungu alitoka kwenda kuchuma, akainua macho, akaona jua limetulia nyuma ya ukungu, jekundu, na juu yake kuna doa jeusi. Alipofika kituo cha kupimia majani akawaambia wenzake. Wenzake wakaambia wengine. Kabla ya jioni habari ilikuwa imefika Kisii mjini kwa kifungua mimba wake, Nyakundi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na biashara ya vinyago vya mawe, na ilipofika kwake haikuwa tena habari ya jua. Ilikuwa habari ya mama.

Nyakundi aliamua kwamba ama macho ya mama yamekwisha, ama kichwa. Vyovyote vile, mama ahamie mjini, chumba cha nyuma ya duka, na shamba la chai likodishwe kwa jirani. Mama akasema hatoki. Alimwambia Kwamboka kwa simu kwamba akitolewa kwenye chai yake atakufa akitazama ukuta, na mke wangu alipokata simu alinisimulia maneno hayo neno kwa neno.

Sasa, mnajua nina darubini yangu ya kutazamia jua. Mnaicheka, najua. Lakini doa hilo nilikuwa nimeshaliona hapa hapa Voi, juu ya paa la duka, na nilikuwa nimelipiga picha. Madoa kwenye jua ni kitu cha kawaida, ila hili lilikuwa kubwa kupindukia, na mtu mwenye macho mazuri angeweza kuliona kupitia ukungu mzito bila chombo chochote. Si jambo la kujaribu, lakini linawezekana. Nikamtumia Nyakundi picha na maelezo marefu. Jibu lake ninalo kwenye simu hadi leo.

"Shemeji, asante. Lakini hiyo ni jua ya Voi. Mama anaongea juu ya jua ya huku."

Mimi nilicheka hadi nikakohoa. Kwamboka hakucheka. Alipanda kwenye kiti akashusha begi juu ya kabati. Kikao cha familia kilikuwa kimepangwa Jumapili, na doa halingesubiri, kwa sababu jua linajizungusha na doa huenda nalo, linatoka ukingo mmoja hadi mwingine kwa muda usiofika wiki mbili, kisha linapotelea upande wa nyuma. Lilikuwa limeshapita katikati.

Voi hadi Nairobi

Hapa hakuna la kusimulia ila ukaguzi. Darubini yangu ni bomba refu lililofungwa kwenye mkeka, na askari wa mlango wa stesheni ya treni hakulipenda.

"Hii ni nini?"

"Darubini. Ya kutazamia jua."

"Jua liko pale," akasema, akinyoosha kidole juu bila kuangalia. "Unaenda kulitafuta wapi?"

Nikamwambia Nyamira. Alinitazama kwa huruma, akamtazama Kwamboka kwa huruma zaidi, akatupitisha.

Nairobi hadi Kisii mjini

Kwenye basi la asubuhi nilikaa na mama mmoja mchangamfu, mzaliwa wa kule ziwani, anayeuza mitumba Kisii mjini. Alitaka kujua kilicho ndani ya mkeka kabla hatujatoka jijini. Nilipomweleza, alifurahi sana, kwa sababu na yeye ni mtaalamu.

"Sisi wakati ule jua ilipatwa, tuliangalia vizuri kabisa," akasema. "Na eksirei."

"Eksirei?"

"Ya mguu ya mjomba wangu. Alivunjika pale kwa goti. Tuliangalia jua yote hapo kando ya mfupa."

Nikamweleza kwamba filamu ya eksirei inapunguza mwanga unaoonekana lakini inapitisha ule unaochoma, na kwamba ndani ya jicho hakuna maumivu, kwa hiyo mtu anaungua huku akitabasamu na anajua kesho yake. Nikamwambia vioo vya moshi, miwani ya jua iliyopangwa miwili miwili, na beseni la maji, vyote ni vya kujidanganya. Kinachofaa ni kichujio maalum cha jua, kinachovalishwa mdomoni mwa darubini, kule mbele mwanga unakoingilia, wala si kule nyuma penye jicho, kwa sababu huko nyuma mwanga umeshakusanywa na unaweza kukipasua. Nilikitoa changu nikamwonyesha: kioo cha duara kilichopakwa utando wa metali, cheusi cha kung'aa, kwenye fremu yake. Alikigeuzageuza.

"Hii ni kifuniko ya sufuria ya bei," akasema, akanirudishia. Kisha akatoa mayai ya kuchemsha tukala, na hadi Narok alikuwa amewaeleza abiria wa mbele na wa nyuma kwamba mimi ni daktari wa macho. Pale Narok, basi liliposimama tule, nilikula nyama huku mzee nisiyemjua amenifungulia jicho kwa vidole viwili karibu na sahani yangu. Nilimwambia aende hospitali. Alisema ndiyo, lakini mimi naonaje.

Baada ya Bomet kijani kikaanza, na kijani hicho hakikuisha tena. Mnaokaa Voi hamwezi kuelewa. Mlima mzima ni wa kijani, na juu ya mlima kuna wingu, na wingu limeshiba. Tulishuka Kisii mvua ikinyesha, na nikajiuliza kwa mara ya kwanza kama Nyakundi hakuwa na hoja kuhusu jua la huku.

Nyakundi mwenyewe alitupokea kwa mikono miwili. Lazima niseme ukweli, shemeji yangu ni mkarimu kiasi cha kukera. Ni mtu mnene, mwenye koti hata kukiwa na joto, anayetembea na dereva. Alitulisha kuku, akatulisha ndizi, akatulisha tena kwa nyumba ya pili kwa sababu mke wa rafiki yake angesikia tumepita bila kuingia. Kila nilipotaja doa, aliniongezea mchuzi.

Kisii hadi Tabaka, ambako hakukuwa njiani

Ijumaa niliamka nikaona mbingu nyeupe safi na jua limewaka kama la nyumbani. Mnajua mambo ya kule: asubuhi jua, mchana mawingu, alasiri mvua. Mtu wa kupiga picha ya jua ana asubuhi peke yake. Nikamwambia Nyakundi twende Nyamira sasa hivi.

"Tutaenda, shemeji. Lakini kwa vile umekuja na kamera, tupitie Tabaka kidogo tu."

Tabaka iko upande mwingine kabisa. Ukiwa Kisii unataka kwenda Nyamira, kupitia Tabaka ni sawa na mtu wa Voi aende Taveta kwa kupitia Mombasa. Ila ukiwa mkwe huwezi kusema hapana kwa kaka wa mke wako huku kuku wake bado yumo tumboni mwako. Tukaenda. Nyakundi alitaka vinyago vyake vipigwe picha za kuuzia mtandaoni, bure, kifamilia.

Basi asubuhi ile yote, chini ya jua ambalo nilikuwa nimesafiri siku mbili kulifuata, nililigeuzia mgongo nikapiga picha vifaru vya mawe. Vifaru vidogo, vifaru vya kati, twiga, viboko, na rundo la visahani vya duara ambavyo mnunuzi wa ng'ambo alitaka vifanane vyote. Wanaume huchonga, na vumbi jeupe la jiwe linawafunika hadi kope. Wanawake hukaa kuzunguka beseni za maji, wakisugua kwa msasa hadi jiwe lilainike, kisha wanapaka nta. Anayewasimamia ni mama mmoja anayeitwa Nyanchama, mwenye sauti kama kengele ya shule.

Nilitafuta lenzi ndani ya begi, nikatoa vitu vyote, na kwa kuogopa vumbi nikaweka kichujio changu kando kwenye benchi la mbao karibu na visahani. Sikuuliza benchi lile ni la nini. Hilo ndilo kosa langu lote katika safari hii, na mtaona lilivyonigharimu. Tulipomaliza, Nyakundi akaagiza mama afungiwe visahani kadhaa kwenye magazeti.

"Zawadi kutoka kwangu na wewe," akaniambia. Wakati tunaingia garini wingu la kwanza lilikuwa limeshafika.

Tabaka hadi juu ya Nyamira

Nyakundi alibaki dukani, akamtuma dereva atupeleke. Ile sehemu ya mwisho ya barabara ni udongo mwekundu, umekatwa ubavuni mwa mlima, na mvua ilikuwa imeulainisha vizuri. Gari lilienda kiubavu zaidi ya lilivyoenda mbele. Tulitembea kipande cha mwisho, mimi nimebeba bomba langu begani, watoto wa shule wakitusindikiza kwa nyimbo.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Ni mwembamba, mrefu, na kwa umri wake amenyooka kuliko mimi. Kwa ukoo huu mkwe wa kiume hapeani mkono na mama wa mke wake, wala hamkazii macho, kwa heshima. Kwa hiyo nilimsalimia nikiwa mbali, nikitazama nguzo, na yeye akanijibu akitazama migomba. Tulikaa sebuleni, kila mmoja kaelekea ukuta wake, Kwamboka katikati.

"Muulize mgeni kama barabara ilimsumbua," mama akasema kwa Kiswahili kizuri kabisa.

"Anauliza kama barabara ilikusumbua," Kwamboka akaniambia, kwa Kiswahili kile kile.

"Mwambie haikunisumbua sana."

"Anasema haikumsumbua sana."

Chakula kilikuja: ugali wa wimbi mweusi mzuri, kuku, na mboga chungu za saga ambazo kwa raha yangu nilizimaliza. Nikaongezewa. Nikamaliza tena ili nisionekane nimedharau. Nikaongezewa. Kumbe kule sahani tupu ni malalamiko, na Kwamboka alinyamaza akiniangalia nikiteseka, kisha akaniambia jioni niache kidogo pembeni. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kunidokezea hilo.

Baada ya chai ndipo nikamwomba Kwamboka amuulize mama kuhusu doa. Mama akajibu bila kusubiri tafsiri.

"Lilikuwa katikati ya jua. Si doa moja, ni kubwa moja na ingine ndogo imeifuata. Mwambie niliangalia mara moja tu, nikaenda kuchuma. Sikuita watu wote waangalie. Mimi nilisema tu vile nimeona."

Ndivyo lilivyokuwa kwenye picha yangu ya Voi, kubwa moja na dogo nyuma yake, na picha ile mama hakuwa ameiona, kwa sababu simu yake ni ya vibonyezo. Nikamwomba Kwamboka amwambie pia kwamba asirudie, hata kwenye ukungu, maana ukungu unaweza kufunguka ghafla. Mama akasema amesikia. Kisha akaongeza polepole, akitazama ukuta wake, kwamba Nyakundi amesema atakuja Jumapili na pikapu ya kubebea kitanda.

Sabato, bila kwenda popote

Jumamosi ilipambazuka safi. Hata ukungu haukuwepo. Nikatoka na darubini yangu, nikakutana uani na Mzee Onchari, mzee wa kanisa, aliyekuwa amepita kuwachukua akina mama. Familia ni Waadventista, na mimi nilikuwa nimejisahau.

"Hiyo ni kazi," akasema, akionyesha darubini.

Nikamwambia nataka kutazama tu. Likaanza baraza pale pale uani. Jirani mmoja alisema kutazama jua ni kutazama uumbaji, na uumbaji ni jambo la Sabato hasa. Mwingine akauliza, mbona mashine? Mzee Onchari alifikiri akiwa amefumba macho, watu wakamsubiri, na jua langu likazidi kupanda. Hatimaye akatoa uamuzi: kutazama si kazi. Kubeba mashine ni kazi ndogo, lakini imeshabebwa. Kupiga picha ni kazi, tena ndiyo kazi yangu ya mshahara, kwa hiyo kamera ibaki ndani hadi jua litue.

"Jua likitua nitapiga picha ya nini, mzee?"

"Hiyo si mambo ya kanisa," akajibu.

Nikakubali. Afadhali mashahidi waone hata bila picha. Nikafungua begi kutoa kichujio, na kichujio hakikuwemo. Nilikung'uta begi, nikakung'uta mkeka, nikakunjua hata soksi za akiba. Kwamboka ndiye aliyefikiria visahani. Akafungua magazeti ya Tabaka kwenye meza: kisahani, kisahani, kisahani, kisha kichujio changu.

Kilikuwa kimeng'arishwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona. Utando wote ulikuwa umeondoka. Kilichobaki ni kioo kitupu chenye mikwaruzo myembamba, kimepakwa nta, kinanukia vizuri, na kupitia kwake niliona uso wa mke wangu, migomba, na Mzee Onchari akinikodolea macho.

Nilikaa kwenye kiti cha mama mkwe bila hata kukumbuka heshima. Kama wangekiondolea utando nusu tu, nisingegundua. Ningekivalisha, ningemwita mama aweke jicho, na hilo jicho ambalo nilikuja kulitetea ningelichoma mimi mwenyewe, mbele ya kanisa zima. Tangu siku hiyo sivalishi kichujio bila kukiinua kwanza kwenye mwanga wa taa, kukagua kama kuna hata tundu la sindano. Nanyi mkinunua chenu fanyeni hivyo, nawaomba.

Jua lilipotua na simu kuruhusiwa, nilimpigia Nyanchama.

"Ile ya duara nyeusi?" akasema kwa furaha. "Weh, ilitusumbua! Hiyo nyeusi ilikuwa imeshika sana. Tumeisugua watu watatu. Lakini ilitoka, eeh? Tumeipaka nta mara mbili."

Kila kitu kilichowekwa kwenye benchi lile ni kazi ambayo haijaisha. Hawaulizi, wanaimaliza. Nilimwambia asante, imetoka vizuri sana, na akaniambia nikiwa na nyingine nilete.

Kutoka jikoni hadi uani

Hiki ndicho kipande kifupi cha safari yangu na ndicho kilichonitoa jasho. Jumapili asubuhi ukungu ulikuwa mzito, na nikaushukuru kwa sababu ulinipa muda. Bila kichujio hakuna jicho litakalokaribia darubini, wala kamera. Ila kuna njia ya zamani: unaiacha darubini ilitupe jua nje, kwa nyuma, juu ya karatasi nyeupe, na watu wote wanatazama karatasi. Kivuli kilihitajika. Mama mkwe, kupitia kwa Kwamboka, akatoa jikoni kikapu chake kikubwa cha kuchumia majani chai. Nikakilaza ubavu juu ya stuli, nikakiwekea mgongo wa kalenda ndani, nikafunika juu kwa gunia. Ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni niliifungia soksi, mtu asije akachungulia.

Ukungu ulifunguka wakati pikapu inapanda. Nyakundi alishuka upande wa abiria, koti limefungwa vifungo vyote, na nyuma ya pikapu kulikuwa na kamba na vijana wawili wa kubeba. Majirani walikuwa wameshajaa, na Mzee Onchari amekalia kiti cha mbele. Nilielekeza darubini bila kuangalia juu, nikifuata kivuli chake ardhini, hadi kivuli cha bomba kikawa duara dogo tu. Nikasimama kando ya kitundu cha jicho kama kipa wa penalti.

"Hapa hakuna mtu ataweka jicho!" nikapiga kelele. "Hata mzee wa kanisa!"

"Mimi sikuwa nimesema kitu," Mzee Onchari akasema, akirudi kitini.

Kisha jua likaingia kikapuni. Duara jeupe, la ukubwa wa kisahani, likitetemeka kidogo, na karibu na ukingo wake doa jeusi, na nyuma ya doa lingine dogo. Watu walisukumana wasogee. Halafu wakaongea wote kwa pamoja kwa Ekegusii, lugha ya kwao. Mmoja alisema ni uchafu wa lenzi, nikaizungusha lenzi, doa likabaki. Mwingine alisema ni uchafu wa karatasi, nikaisogeza karatasi, doa likabaki pale pale kwenye jua. Mzee Onchari alitamka kwamba ameona, na kwamba iandikwe ameona.

Mama mkwe akaja wa mwisho. Mimi nikatazama nguzo. Aliinama, akaangalia, akaongea kwa utulivu.

"Ndiyo hiyo. Lakini imesonga. Ilikuwa katikati, sasa imeenda kando."

Nikatoa simu yangu, nikawaonyesha picha ya Voi: doa katikati. Hapo hata waliokuja kubeba kitanda wakapiga makofi. Mimi nilijisikia mshindi, nikamgeukia Nyakundi, na nakiri nilikuwa nimeandaa maneno makali kuhusu jua la Voi.

Nyakundi alikuwa ameinama kwenye kikapu.

"Mimi sioni kitu," akasema.

Watu wakaguna. Kwamboka akamwambia kwa hasira asilete ukaidi, hata watoto wameona. Akasogea karibu zaidi, akakunja macho, akanyoosha kidole kwenye kivuli cha unyuzi wa kikapu.

"Ni hii?"

Kidole chake kilikuwa mbali kabisa na doa. Nami niliyakumbuka maneno yangu makali nikayameza.

Mama mkwe ndiye aliyenyanyuka. Alimshika mwanawe bega, akamgeuza atazame bonde, kule ng'ambo ya chai.

"Nyakundi. Pale kwa chai ya jirani kuna nani?"

Alitazama muda mrefu. "Ni majani tu, mama."

Pale palikuwa na wanawake wawili wakichuma. Mmoja alikuwa amejifunga leso nyekundu, na niliona hata mimi wa Voi.

"Tangu lini?" mama akauliza.

Nyakundi alifungua kifungo cha koti. Alizungumza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, nadhani kwa sababu kwa lugha ya mama yake ingekuwa ngumu zaidi.

"Tangu mwaka jana inapungua. Niliacha kuendesha. Hii barabara ya huku siioni tena, mama, naona tu nyekundu na kijani. Nilifikiria siku moja nitashindwa kukuja kukuona kabisa. Ndiyo nikasema ukuje wewe, ukae karibu na mimi. Ile maneno ya jua ilinipatia tu sababu."

Kwamboka aliziba mdomo kwa leso. Mimi nilibaki nimesimama kando ya darubini nikiilinda, na machozi yalinitoka waziwazi, wala sikuyafuta kwa sababu ningeacha kitundu bila mlinzi. Jua lilikuwa limeshateleza nje ya karatasi, na hakuna aliyejali. Ile picha ya karatasi niliyoipiga kwa simu aliponyoosha kidole, mkiiona, ina kidole chake pembeni. Sikukikata.

Mama mkwe aliingia ndani. Tukasikia kabati likifunguliwa. Alitoka amevaa sweta na viatu vya kanisani, kitambaa kipya kichwani, akasema maneno machache kwa Ekegusii, vijana wa kubeba wakaanza kufungua kamba zao na kuziweka kando. Kisha akapanda pikapu, kiti cha mbele, akamwachia mwanawe nafasi kando yake.

"Amesemaje?" nikamuuliza Kwamboka.

"Anasema kitanda kibaki. Anasema kuna majani ya kuchuma kesho kutwa, kwa hivyo atarudi." Alipenga kamasi. "Anasema anaenda kumpeleka mtoto hospitali."